Kambi Isiyoacha Unyayo

Jambo hili kwa miezi sita sikumwambia mtu yeyote, hata Gati, ambaye hosteli analala kitanda cha juu yangu na ananijua kuliko dada zangu. Zile shajara arobaini za Kifaransa zilizopangwa juu ya meza yenye kitambaa cha kijani siku ya kilele niliziandika mimi. Zote arobaini.

Mwezi wa tatu Mwalimu Isack, mwalimu wa taaluma, aliniita ofisini akanionyesha boksi la madaftari mapya. Alisema kuna programu inaitwa LIRAKIMA, yaani Likizo Rafiki kwa Kifaransa na Mazingira. Programu hiyo itawapeleka wanafunzi arobaini kambini Morotonga likizo ya Juni. Huko watajifunza kulinganisha vitu kwa Kifaransa na kutumia vitenzi, huku wakitembea kwa miguu, wakilala kwenye mahema na kupika bila kukata miti. Waratibu walitaka sampuli za shajara kabla ya safari.

"Rhoda, wewe una mwandiko mzuri," alisema. "Na ukiamua, unaweza kuwa na miandiko mingi."

Nilifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kuniita ofisini kwa jambo zuri. Niliandika kwa wikiendi tatu. Gati nilimpa herufi zinazolala kushoto, kwa sababu anatumia mkono wa kushoto. Tomaso nilimpa herufi kubwa, kwa sababu yeye ni mtu wa kelele. Na mwishoni mwa kila shajara niliweka sentensi moja ya kweli, kwamba mwalimu wetu wa Kifaransa, Madam Kokushubira, ni bora kuliko walimu wote. Nilitaka asifiwe. Alihamishiwa kwetu kutoka Kagera, na shule nzima ndiye mwalimu pekee wa somo hilo. Kidato cha nne tunaosoma Kifaransa tuko kumi na mmoja, na mtihani wa taifa ni Novemba.

Juni ilifika, basi la kambi halikufika. Nilikwenda nyumbani Gorong'a. Sikuuliza kitu.

Mwezi wa tisa, Jumamosi, ikawa siku ya kilele cha programu. Mwalimu Isack akaniketisha kwenye kiti karibu na kipaza sauti, nimwandikie Bwana Vedasto, Mratibu Mwandamizi wa LIRAKIMA, hotuba yake neno kwa neno. "Andika kila kitu," aliniambia. "Hata makofi." Nikaandika kila kitu. Maneno ya kigeni nimeyaandika kama alivyoyatamka.

*

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, na wewe ndugu uliyekuja kumwakilisha Mwakilishi baada ya Mwakilishi kupata udhuru, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uendeshaji, Kamati ya Ufuatiliaji na Kamati ya Kufuatilia Ufuatiliaji, mheshimiwa diwani, kama umo, viongozi wa dini zote mlioomba dua tatu za ufunguzi, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia, wazee wetu wa mila, Mkuu wa Shule na menejimenti yako yote, walimu, wauguzi na watumishi mlioletwa Mara kutoka mikoa ya mbali mkakubali kukaa, mafundi wa turubai na vipaza sauti, wazazi mliokaa, wanafunzi mliosimama, itifaki imezingatiwa. Nimesema itifaki imezingatiwa, lakini nisipomtaja dereva wangu, ndugu Clement, aliyenitoa mjini leo asubuhi kwenye gari yenye kiyoyozi ili nije kuzungumza nanyi habari za kutembea kwa miguu, nitakuwa sijatenda haki. Clement, simama wakuone. (Clement anasimama. Makofi machache.) Kaa.

Ndugu zangu, kabla sijasema neno, nitasema kaulimbiu. Nikisema LIRAKIMA, ninyi mnaitikia, "Kijani kuliko jana!" LIRAKIMA! (Wanafunzi: Kijani kuliko jana!) Wazazi sijawasikia. LIRAKIMA! (Wazazi wanaitikia, kila mmoja kwa wakati wake.) Vizuri, itarekebishwa katika awamu ya pili.

Niruhusuni sasa nizame katika mada. Lugha ya Kifaransa ni lugha. (Makofi.) Ni lugha ambayo, kwa mujibu wa desiki rivyu tuliyoifanya kwa miezi saba mfululizo, inazungumzwa na watu wanaoijua, na kwa kuzingatia ukweli huo, sisi kama stekiholda tulijiuliza kwa nini mtoto wa Tarime na mtoto wa Serengeti, ambaye tayari anaongea Kikurya nyumbani, Kiikoma kwa jirani, Kiswahili shuleni na Kiingereza kwenye mtihani, asiongezewe mzigo wa tano, tena mzigo uliofungwa ndani ya framewaki ya mazingira, ili akiwa analinganisha, awe analinganisha kijani, na akiwa ananyambua kitenzi, akinyambue bila kutoa moshi. (Makofi. Mwalimu Isack anapiga peke yake kwa muda.)

Nije kwenye takwimu, kwa sababu mimi ni mtu wa takwimu, na mke wangu pia ananijua hivyo. Kabla ya Programu, mwanafunzi wa kawaida katika wilaya hizi mbili alikuwa na uwezo wa kulinganisha vitu viwili tu kwa wakati mmoja. Viwili! Leo hii, baada ya intaventisheni yetu, mwanafunzi huyo huyo analinganisha vitu vinne nukta saba kwa wakati mmoja, ongezeko ambalo hata mimi nilipoliona niliomba lihakikiwe, likahakikiwa na mimi mwenyewe. (Vicheko vya walimu.) Kuhusu vitenzi, tulipoingia tulikuta vitenzi visivyo vya kawaida vya lugha ya Kifaransa hamsini na tatu vinavyofanya vinavyotaka vyenyewe, na hakuna mamlaka iliyokuwa imechukua hatua. Niliunda kamati ndogo. Niliagiza ndani ya robo mwaka vitenzi hivyo viwe vya kawaida. Ninayo furaha kuwatangazia kwamba vimebaki tisa, na hivyo tisa vimepewa notisi. (Makofi. Madam Kokushubira anatazama viatu vyake.)

Lakini mimi si mtu wa kujisifu. Waliofanya kazi na mimi wanasema mimi ni mnyenyekevu kuliko viongozi wote wa ngazi yangu, na nimewaomba waliseme hilo waziwazi, kwa maandishi. Badala ya kusema mimi, nitawaacha watoto waseme wenyewe. Mezani hapa zipo shajara arobaini za kambi yetu ya Morotonga. Nimeziona. Nimezipima. Kilo tatu na robo. Nitachukua moja tu. Hii ni ya kijana Tomaso Waitara. Tomaso anaandika hivi: "Le velo e pliu propre ke la vuatire." Maana yake, wazazi wangu, ni kwamba baiskeli ni safi kuliko gari. Hebu mpigieni Tomaso makofi, kambini alikuwa anaendesha baiskeli asubuhi na jioni. (Makofi. Sauti kutoka kwa wazazi: "Baiskeli gani, mura?" Tomaso, kwa sauti ya chini: "Baba, basi.")

Ya pili, kwa kuzingatia jinsia, ni ya binti Gati. Anasema: "Nu evitoni de kupe lezabre." Sisi tunaepuka kukata miti. Angalieni muundo huo wa kitenzi, epuka pamoja na kukata, vimekaa pamoja bila ugomvi. Anaendelea kwamba hema la wasichana lilikuwa dogo kuliko la wavulana, lakini lilikuwa na amani kuliko la wavulana. Huo ndio uzalendo. (Makofi. Gati amesimama nyuma ya kiti changu, ananong'ona: "Rhoda, mimi nililala hemani lini?" Nikaandika na hilo.)

Na hapa, ndugu zangu, nifikie jambo lililonigusa kuliko yote. Shajara zote, narudia zote arobaini, asilimia mia moja bila mkengeuko, zinamalizia kwa kusema kwamba mwalimu Kokushubira ni bora kuliko walimu wote. Kitakwimu jambo hili halijawahi kutokea. Hata chai haipendwi na watu wote. Niliposoma nilisema, mwalimu wa kiwango hiki hawezi kuachwa akipoteza muda wake kwa kufundisha. Hivyo nimependekeza, na imeridhiwa, na barua ninayo hapa mfukoni, kwamba kuanzia Ijumaa ijayo mwalimu huyu anahamia makao makuu ya Programu kuwa Mtaalamu Mkuu wa Kurudufu Mafanikio. Madam, simama wakuone. (Madam Kokushubira anasimama. Mwalimu Isack anapiga makofi. Kidato cha nne hawapigi.) Kaa. Umeshangaa kwa furaha, ni kawaida.

(Gati, kwa sauti: "Na sisi?")

Nimesikia swali hapo, na ni swali zuri, linaonyesha kepasiti imejengeka. Binti, ninyi mmeshajifunza. Kwa mujibu wa ripoti, kila mmoja wenu alipata kambini saa mia mbili na arobaini za Kifaransa, wakati lengo lilikuwa saa mia mbili. Mmevuka. Mkifundishwa zaidi ya hapo mtaharibu wastani wa wilaya, na wilaya yenu inawahitaji. (Gati: "Lakini mtihani ni Novemba!") Nao mtihani utakuja uwakute mmevuka. Asante sana. Mwenye kipaza sauti, asipewe tena. (Najua sikupaswa kuandika hivi, lakini niliambiwa kila kitu: Madam alikuwa anafuta macho kwa kona ya kitenge.)

(Mzazi mmoja anasimama katikati ya turubai, amevua kofia. Anasema: "Mheshimiwa, samahani. Mimi ni Waitara, baba yake huyu Tomaso uliyemsoma. Mimi Kifaransa sikijui. Ila Juni yote huyu mtoto alikuwa kwangu anapalilia mihogo. Baiskeli hana. Hata mimi sina. Sasa hiyo kambi alikwenda saa ngapi?" Vicheko vya wazazi. Mama mmoja: "Na sisi wa Morotonga hatukuona hema hata moja.")

Asante, mzee wangu, asante mama. Huu ndio ushirikishwaji jamii tunaoutaka, na ingawa swali halikuwa kwenye ratiba, mimi ni kiongozi ninayejibu. Wengine wangekwepa. Mimi nitajibu kisayansi.

Mzee wangu, mtu wa kawaida akisikia kambi anafikiri ni mahali. Sisi wataalamu tumetoka huko. Mwezi wa nne, Kamati ya Uendeshaji ilikaa siku mbili hotelini kupitia kile kinachoitwa kaboni futiprinti, yaani unyayo ambao likizo inauacha juu ya uso wa dunia, na nilipopewa tarakimu zile, wallahi sikulala. Basi la kuwapeleka watoto Morotonga lingetoa moshi. Uji wao ungehitaji kuni. Mahema yangekandamiza nyasi, na nyasi pia zina ndoto zake. Watoto arobaini, mzee, ni nyayo themanini, ukizidisha kwa siku kumi na nne, na ukizingatia kwamba mtoto hatembei, anakimbia, unapata uharibifu ambao mimi kama Vedasto nisingeweza kuusaini. Ndipo nikainua mkono katika kikao kile, nikauliza swali ambalo katika sekta hii hakuna aliyewahi kuliuliza. Nikasema, waheshimiwa, tumekuwa tukilinganisha: likizo ya gari ni chafu kuliko ya baiskeli, ya baiskeli ni chafu kuliko ya miguu. Twendeni mbele. Ni likizo ipi iliyo rafiki kwa mazingira kuliko zote?

(Anasubiri. Mbuzi wa chakula cha mchana analia nyuma ya jiko.)

Ni ile ambayo hakuna anayekwenda.

Nilijua mtashtuka, hata kamati ilishtuka, kisha ikapiga makofi dakika nne. (Mama wa Morotonga: "Kwa hiyo hawakwenda?") Hawakwenda, mama, na hawakwenda vizuri sana. Nidhamu waliyoionyesha ni ya kupigiwa mfano. Arobaini walipangiwa kwenda, arobaini hawakwenda, hakuna hata mmoja aliyetoroka akaenda. (Vicheko. Mzee Waitara anakaa, anavaa kofia.) Moshi sifuri. Kuni sifuri. Malaria sifuri. Nyumbu wa hifadhi hawakusumbuliwa, nao wameonekana wakipita kwa utulivu kuliko mwaka jana. Tarehe kumi na nane Juni nilikwenda mwenyewe Morotonga kukagua, nikasimama katikati ya eneo la kambi, nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakukuwa na kitu, ndugu zangu. Kitu kabisa. Nimezunguka nchi hii, sijaona kambi safi kama ile. (Mwalimu Isack anaanza kupiga makofi, anaacha.)

Sasa nije kwenye ahadi, maana kiongozi asiye na ahadi ni kama choo kisicho na paa, watu wanakitazama lakini hawakiamini. Katika awamu ya pili tunakwenda Sirari. Nimekaa na mawakala wa forodha, nimekaa na madereva wa malori pale mpakani, nimewaambia, kwa nini mnapanga foleni kutwa nzima mkiitazama Isebania ya Kenya bila kunufaika? Tutawawezesha. Kila dereva ataweza kusema kwa Kifaransa kwamba foleni ya leo ni ndefu kuliko ya jana, na lori la mbele ni zee kuliko la nyuma. Na kwa kuwa nao hawatakwenda kambini, naamini pale mpakani watatuunga mkono, kwa sababu kutokwenda popote wana uzoefu nako kuliko sisi. (Vicheko.) Katika awamu ya tatu tunaingia Gorong'a, kata ya wakulima na wafugaji wachapakazi, ambako tutaweka Kituo cha Umahiri cha ghorofa nne, chenye maktaba, maabara ya vitenzi na ukumbi wa kulinganishia, kituo ambacho kwa kuheshimu mazingira hakitajengwa. Jiwe lake la msingi limo kwenye gari. Clement, limo? (Clement, kutoka kwenye gari: "Limo, bosi.") Limo.

Nimalizie kwa shukrani, kwani asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa akikosa hatashukuru. Naishukuru mito ambayo haikuvukwa. Naishukuru miti ambayo haikuchanjwa. Nawashukuru wapishi wa kambi kwa vyakula ambavyo havikuungua, na wauguzi wa kambi kwa wagonjwa waliobaki kwao. Nawashukuru wataalamu washauri walioandika ripoti ya mwisho mwezi wa kwanza, wakatupa nafasi ya kutekeleza mradi bila presha ya kuutekeleza. Namshukuru Mwalimu Isack kwa orodha ya majina arobaini. (Mwalimu Isack anatazama juu, kwenye turubai.) Na kipekee kabisa, namshukuru mwanafunzi mmoja wa shule hii, jina lake sikupewa, yule mwenye mwandiko, ambaye peke yake aliandika shajara zote arobaini za kambi miezi mitatu kabla ya kambi kutofanyika, na hivyo kuwaepusha wenzake thelathini na tisa kupoteza wino. Popote ulipo, mwanangu, bila wewe Programu hii isingekuwepo.

LIRAKIMA! (Watu wachache: Kijani kuliko jana.) Likizo yangu! (Hakuna anayejibu.) Mnasema, "Sijaenda!" Likizo yangu! (Watoto wa chekechea waliokuja na wazazi: Sijaenda!) Hewa ukaa! (Kimya.) Basi, imeeleweka. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, karibuni chakula, na kama mtu ana swali, aliandike aliweke moyoni, tutalipitia.

(Makofi ya Clement.)

*

Hiyo ndiyo hotuba. Zilikuwa kurasa kumi na moja za karatasi ndefu.

Bwana Vedasto alipomaliza, Mwalimu Isack aliniambia niinakili safi haraka, niipeleke isainiwe iwe kumbukumbu. Nilikaa darasani peke yangu nikainakili kwa mwandiko wangu wa kawaida. Nilifika pale alipotaja yule mwenye mwandiko, mkono ukasimama. Nilifikiri kuiruka sentensi ile. Hakuna ambaye angejua. Halafu nikafikiria Ijumaa, siku ya Madam kuondoka, nikaandika.

Bwana Vedasto alikuwa anakula. Nilimwamkia shikamoo, nikaweka karatasi pembeni ya sahani.

"Hukuacha kitu?" aliuliza.

"Sikuacha."

"Hata makofi?"

"Hata makofi."

"Kurasa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nzuri. Nene." Alifuta vidole, akatoa muhuri kwenye mfuko wa koti, akasaini na kugonga muhuri kila ukurasa. Hakusoma hata mmoja. Baadaye gari liliondoka na jiwe la msingi ndani yake. Shajara zilibaki mezani, hakuna aliyezitaka, nikazirudisha kwenye boksi lake pamoja na hotuba.

Jumapili nilimwambia Gati. Alikaa kitandani kwake, miguu inaning'inia mbele ya uso wangu.

"Kwa hiyo hiyo sifa ya Madam ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Mara arobaini."

"Mara arobaini."

"Na hema. Uongo wa bure, wako mwenyewe, bado ukanipa hema dogo?"

Nilianza kulia. Akashuka, akasema, "Acha hayo. Kesho boksi unabeba wewe au nabeba mimi?"

Jumatatu niliomba ruhusa kwa matroni. Aliniuliza naumwa nini, nikasema siumwi, nakwenda ofisi ya elimu Mugumu. Alinitazama sana, lakini akaandika. Gati alinisindikiza na boksi mpaka ofisini, saa moja na nusu kwa miguu, akabaki nje kwa sababu nilimwomba abaki nje.

Ndani kulikuwa na mama mmoja ofisa, na mezani kwake watu watatu wanasubiri. Kwa kawaida ningegeuka. Nilisema, "Shikamoo mama. Naitwa Rhoda. Madaftari haya arobaini niliyaandika mimi, na hii ni hotuba ya kilele, ina muhuri." Alianza kusoma akiwa amesimama. Kwenye ukurasa wa saba alikaa. Alipomaliza hakucheka. Alinipa karatasi na kalamu akaniambia niandike maelezo yangu yote toka mwezi wa tatu, nikaandika. Kisha akaniambia niandike mstari mmoja kama Tomaso na mmoja kama Gati. Niliandika, akailinganisha na madaftari, akapiga simu.

Alhamisi ilikuja barua kwamba uhamisho wa Madam umesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Hatujui utaisha lini. Mwalimu Isack aliitwa wilayani mara mbili na sasa anapita mbali na meza yangu. Mimi nilipewa wiki mbili za kufyeka nyasi nyuma ya mabweni kwa kosa la kuandika uongo kwa majina ya wenzangu. Sikukata rufaa.

Siku ya kwanza ya kufyeka, Madam Kokushubira alikuja mpaka kwenye nyasi. Hakunishukuru na hakunigombeza. Alinipa daftari tupu, akasema, "Likizo yako ya Juni. Yako wewe. Kesho kipindi cha saba."

Niliandika kwa Kifaransa wakati wa mapumziko, mikono inanuka majani. Niliandika kwamba Gorong'a nilikwenda kwa miguu kutoka kituo cha basi, kwamba kilima cha nyuma ya nyumba yetu ni kirefu kuliko ninavyokikumbuka, kwamba maji ya chemchemi ni ya baridi kuliko ya bomba la shule, na kwamba bibi anatembea polepole kuliko mwaka jana lakini hataki kushikwa mkono. Zilikuwa kurasa mbili tu. Zile shajara arobaini hazikuwa na kosa hata moja, kwa sababu nilinakili kila sentensi kutoka kitabuni na kubadilisha majina. Hii nilitunga mwenyewe.

Kipindi cha saba tulikuwa wote kumi na mmoja. Madam alisoma daftari langu amesimama dirishani, akalirudisha. Kulikuwa na makosa tisa, yote ameyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nikakaa, nikaanza kuyasahihisha.